Kabla Filimbi Haijalia

Jiandae kwa UMISSETA bila kuumiza mwili wako

Leo nataka tuzungumze habari za tizi. Si tizi la timu kubwa, ambalo kila mtu kijiweni ni mtaalamu wake. Ni tizi lako wewe mwanafunzi wa sekondari, unayetembea kwenda shule asubuhi, unakaa darasani mpaka mchana, halafu jioni unaambiwa vaa jezi, umechaguliwa timu ya shule.

Nianze na kisa changu mwenyewe, ingawa kinanitia aibu kidogo.

Nilikuwa kidato cha tatu. Nilichaguliwa kukimbia mita 1500 kwenye mashindano ya kutafuta timu ya wilaya, zikiwa zimebaki siku nne. Siku nne! Kabla ya hapo mbio zangu zilikuwa mchakamchaka tu, na hata huo nilikuwa najificha nyuma ya mstari. Kwa hofu ya kuaibika nikaamua kufidia. Nikakimbia asubuhi na jioni, siku zote nne. Rafiki yangu mmoja akanishauri nivae sweta zito ili nitoe jasho jingi niwe mwepesi. Nikavaa. Siku ya mashindano sikula kitu, maana niliambiwa tumbo likiwa na chakula pumzi inakata. Mbio zetu zilitakiwa kuanza saa 4 asubuhi. Zikaanza saa 8 mchana, kwa sababu gari la shule nyingine lilichelewa. Muda wote huo tulikaa juani tukishangilia mpira.

Mzunguko wa kwanza niliongoza. Wa pili nikapitwa na mmoja. Wa tatu nikaanza kusikia baridi. Baridi, kwenye jua la saa nane! Vinyweleo vikasimama. Nikasikia watu wanacheka. Baadaye niliambiwa kwamba nilikuwa nimeacha njia na kukimbia kuelekea kwenye mikorosho. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nilichosimuliwa ni hiki. Watu walinizunguka. Mmoja akataka kuninywesha soda. Mwingine akasema nimepandisha mashetani. Wengine wakaanza kunivuta miguu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga pembeni mwa uwanja akawasukuma wote, akaamuru nibebwe mpaka kivulini, akanivua viatu na soksi, akanimwagia maji ndoo zake mbili kuanzia kichwani, kisha akanipepea kwa kanga yake bila kupumzika. Maji yale alikuwa ameyabeba kichwani kutoka mbali kwa ajili ya biashara yake. Nilipofikishwa zahanati nilikuwa nimeanza kuzungumza. Mganga aliniambia waziwazi kwamba aliyenitibu ni yule mama, yeye anamalizia tu.

Nilikosa shule wiki nzima. Jina la kilichonipata nilikuja kulijua chuoni: kiharusi cha joto. Kinaua. Na huwapata hata vijana wenye afya nzuri kabisa, tena hasa wale wenye bidii.

Mwili wako ni jiko

Kazi yangu sasa inanipeleka kwenye shule za mkoa wa Pwani. Mkoa huu una Gwata mbili, moja Kibaha na nyingine Kisarawe, na pande zote mbili wanafunzi huniuliza swali lilelile: "Dada, nifanye nini nisichoke mapema?" Kabla ya kulijibu, tuelewe kwanza kinachotokea ndani ya mwili unapokimbia.

Msuli unapofanya kazi, sehemu ndogo tu ya nguvu ya chakula inageuka kuwa mwendo. Kiasi cha robo tatu au zaidi kinageuka kuwa joto. Kwa hiyo unapokimbia wewe ni jiko linalotembea, na joto hilo lazima litoke. Njia kubwa ya kulitoa ni jasho. Lakini sikiliza hapa, maana wengi wanakosea: jasho halipozi mwili kwa kutoka tu. Linapoza pale linapokauka juu ya ngozi. Huku Pwani mara nyingi hewa ina unyevu mwingi, hivyo jasho linachuruzika mpaka kwenye soksi bila kukauka. Unapoteza maji, na joto linabaki ndani.

Sasa fikiria mtu anayevaa sweta, au anayejifunga mfuko wa nailoni tumboni ili "akate kitambi". Amelifunika jiko. Uzito anaopungua pale ni maji, na atarudi nao akinywa jagi la kwanza. Mafuta hayatoki kwa jasho. Nimelisema hili darasani mara nyingi na bado kila shule nakuta angalau kijana mmoja anakimbia na koti la mvua.

Habari njema ni kwamba mwili unajifunza. Ukifanya mazoezi kwenye joto kidogo kidogo kwa siku 10 hadi 14, damu yako inaongezeka maji, unaanza kutoka jasho mapema, na moyo unadunda taratibu kuliko mwanzo kwa kazi ileile. Siku nne hazitoshi. Wala usiseme "mimi nimezaliwa hapahapa, jua nimelizoea". Umezoea kutembea juani. Kukimbia kwa kasi juani ni jambo jingine.

Fanya tizi zito saa 12 asubuhi au baada ya saa 10 na nusu jioni. Si uvivu huo. Septemba 2025 kule Tokyo, Japani, waandaaji wa mashindano ya riadha ya dunia walirudisha nyuma muda wa kuanza marathoni mpaka saa 1:30 asubuhi kwa ajili ya joto. Ndiyo mbio zilezile alizoshinda Mtanzania Alphonce Simbu kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 za mia ya sekunde. Kilomita 42 na ushee zikaamuliwa kwa unene wa kifua. Ikiwa watu wa kiwango hicho wanakwepa jua, wewe unajionyesha kwa nani saa 8 mchana?

Anza kabla hujachaguliwa

Mwalimu wa michezo anaweza kutangaza timu wiki moja kabla. Hilo huwezi kulibadilisha. Unachoweza ni kuanza mwenyewe, wiki sita kabla.

Wiki mbili za kwanza kimbia polepole tu, siku tatu kwa wiki, dakika 20 mpaka 30. Kipimo ni mdomo wako: kama huwezi kuzungumza sentensi nzima na mwenzako, unaenda kasi mno. Najua inachosha akili, na watoto wa shule ya msingi watakupita. Waache wapite. Hapo moyo na mapafu ndiyo yanajengwa, pamoja na mishipa inayounganisha misuli na mifupa, ambayo hukomaa taratibu kuliko misuli.

Wiki ya tatu na ya nne ongeza kasi mara moja au mbili kwa wiki. Kwa mfano kimbia mita 200 kwa nguvu, kisha tembea mpaka pumzi irudi, urudie mara sita. Mchezaji wa mpira na netiboli afanye vipande vifupi zaidi vyenye kugeuka ghafla, maana mchezo wake ndivyo ulivyo. Wiki ya tano fanya kama siku ya mashindano yenyewe, angalau mara moja, na kwa saa ileile mnayotarajia kucheza. Wiki ya sita punguza kwa nusu. Wengi hapa wanafanya kinyume, wanaongeza kadiri siku inavyokaribia, halafu wanaingia uwanjani miguu imeshakufa. Tizi la siku mbili za mwisho halikuongezei kitu zaidi ya uchovu.

Na kitu ambacho vitabu vya makocha wa mjini havisemi: hesabu kazi zako zote. Kama unatembea kilomita tano kwenda shule na tano kurudi, hizo ni kilomita kumi. Kulima ni tizi. Kuteka maji ni tizi, na kusukuma baiskeli kwenye kichanga ni tizi tena zito. Kijana wa Gwata anayepewa ratiba sawa na mwenzake anayepanda daladala hadi getini anabebeshwa mzigo mara mbili. Andika kwenye daftari siku saba zote, kisha ukae na mwalimu muone siku gani ni ya kupumzika kabisa. Iwe angalau moja kwa wiki, mbili ikiwezekana.

Mwili haujengwi wakati unakimbia. Wakati ule unabomolewa. Unajengwa ukilala, na kijana wa umri wako anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Ukikesha unaangalia mechi kwenye kibanda cha video, kesho yake usimlaumu kocha.

Kupasha na kutua

Kupasha misuli moto si kuruka mara tatu na kugusa vidole vya miguu. Tumia dakika 15 hadi 20. Anza kwa kukimbia taratibu, zungusha nyonga, inua magoti, tembea kwa hatua ndefu za kuchuchumaa, kisha malizia na mbio fupi tatu au nne zinazoongezeka kasi. Kule kujinyoosha na kukaa hivyohivyo muda mrefu kuache mpaka baada ya mchezo.

Shirikisho la mpira duniani lina mpango wa kupasha unaoitwa FIFA 11+, wa dakika kama 20. Ulipojaribiwa kwa wasichana wanaocheza mpira nchini Norway, majeraha yalipungua kwa kiasi cha theluthi moja, na yale makubwa kwa karibu nusu. Hauhitaji chombo chochote zaidi ya mpira na nafasi. Sehemu kubwa yake ni kujifunza kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba na kutua vizuri.

Kutua ndiyo habari kubwa kwa wachezaji wa netiboli. Ukiruka kudaka mpira, tua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo na yakitazama mbele, sawa na vidole vya miguu. Goti likiingia ndani kama linalitafuta la pili, hapo ndipo kano za goti hukatika. Mwombe mwenzako akutazame kutoka mbele ukiruka mara kumi. Ni zoezi la bure, na linaweza kukuokoa na fimbo ya kutembelea.

Maji na chakula

Siku ya mazoezi usisubiri ulimi ukauke. Angalia mkojo wako asubuhi: ukiwa mweupe wa manjano hafifu, uko sawa; ukiwa mzito kama chai ya rangi, una deni la maji. Ukipata mizani, iwe ya zahanati au hata ya ghala la korosho, jipime kabla na baada ya tizi. Kila kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Mtu wa kilo 50 akirudi na 49, amepoteza asilimia 2 ya uzito wake, na hapo kasi na umakini huanza kupungua.

Lakini usivuke mpaka upande wa pili. Kujaza tumbo lita nyingi kwa saa chache, huku unatoka jasho na hukula chumvi, kunachuja chumvi ya damu, na hilo nalo ni hatari. Kunywa kadiri ya kiu, mafunda kadhaa kila mapumziko. Tizi likizidi saa moja, uji wenye chumvi kidogo au chakula cha kawaida chenye chumvi baada ya mazoezi kinarudisha kilichopotea. Dafu ni zuri pia. Maji yawe yamechemshwa au kutiwa dawa. Vile vinywaji vya makopo vya "kuongeza nguvu" viache. Vina kafeini inayosukuma moyo uende mbio, na moyo wako uwanjani tayari unakwenda mbio.

Chakula chako cha kawaida kinatosha. Nasema hivi kwa sababu vijana wananiuliza habari za unga wa protini wakati nyumbani kuna maharage. Muhogo, viazi vitamu, ugali na ndizi vinakupa nguvu ya kukimbia. Maharage, kunde, dagaa na mayai vinakarabati misuli. Kula mlo kamili saa tatu kabla ya mchezo, na kitu kidogo kama ndizi saa moja kabla. Kukimbia na njaa kama nilivyofanya mimi ni kuwasha pikipiki isiyo na mafuta ukitegemea mteremko.

Wasichana, nina neno nanyi. Hedhi si sababu ya kuacha michezo. Ukijisikia vizuri, cheza. Ila mnapoteza madini ya chuma kila mwezi, na upungufu wa damu ukianza utaona pumzi inakata mapema na miguu mizito, halafu utaambiwa mvivu. Kisamvu, matembele, maharage na dagaa vikiliwa pamoja na ndimu au chungwa vinasaidia. Chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini. Na hedhi ikikatika miezi mitatu mfululizo huku unafanya tizi zito, usiseme ni dalili ya ukakamavu. Nenda zahanati.

"Mbona Akhwari alimaliza?"

Hili swali halikosi. Nikieleza dalili za kuacha mchezo, mkono unainuka nyuma ya darasa: "Dada, mbona John Stephen Akhwari aliumia na akamaliza?"

Ni kweli. Oktoba 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, Akhwari alianguka akaumia goti. Mji ule upo mita 2240 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na misuli ilikuwa imeanza kumbana. Walianza wakimbiaji 75, wakamaliza 57, na yeye alikuwa wa 57. Aliingia uwanjani na bandeji mguuni, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, ilimtuma kuzimaliza. Mimi kisa hicho kinanitoa machozi mpaka leo.

Lakini tusikisome nusu. Akhwari alikuwa mtu mzima, mkimbiaji mzoefu aliyekwisha kushinda mbio kubwa. Aliumia goti, na akili yake ilikuwa timamu. Alijua anakokwenda na kwa nini. Mimi nilikuwa naelekea kwenye mikorosho. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka uikamate. Kuchoka kunaumiza misuli na kukata pumzi, lakini ukisimama dakika mbili kunapungua. Hatari haipungui ukisimama. Ukiona kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kinagonga, unasikia baridi juani, au mwenzako anakuambia "mbona unaongea ovyo", toka nje. Vivyo hivyo kifua kikibana au ukizimia katikati ya mbio: toka, na usirudi mpaka upimwe na daktari, hasa kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Mwaka 2003 Marc-Vivien Foé wa Cameroon, mchezaji wa kulipwa mwenye madaktari wa timu, alianguka katikati ya mechi mjini Lyon akafariki. Uchunguzi ulionyesha moyo wake ulikuwa na ugonjwa wa misuli yake kunenepa.

Ukigongwa kichwa ukaona nyota au ukasahau matokeo ya mechi, mchezo wako umekwisha siku hiyo, hata kama ni fainali.

Na malaria je? Huku kwetu ndiyo mtego mkubwa. Kijana anamaliza dozi leo, kesho yupo uwanjani kwa sababu homa imeshuka. Homa kushuka si kupona. Damu imepungua na maji mwilini yamepungua. Filbert Bayi, ambaye shule yake ipo Mkuza pale Kibaha, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 kule Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akiongoza tangu mwanzo mpaka utepe. Mwaka 1976 alikuwa ameugua malaria muda mfupi kabla ya Olimpiki ya Montreal. Tanzania ilisusia michezo ile, kwa hiyo hakukimbia, lakini wengi walitilia shaka kama angekuwa na nguvu ya kupambana na John Walker wa New Zealand. Ikiwa malaria inamfanyia hivyo mshika rekodi ya dunia, wewe na mimi ni nani? Homa ikiisha, tembea siku chache, kisha kimbia polepole, kisha ndiyo mpira. Na mwenye selimundu, au anayejua amerithi chembe zake kwa mzazi mmoja, amwambie mwalimu mapema. Si siri ya aibu. Anahitaji maji zaidi na ruhusa ya kupumzika anapoomba.

Kifundo kikiteguka

Kijana ameteguka kifundo cha mguu, jioni ileile bibi anachemsha maji na kumchua mpaka analia. Nawaheshimu bibi zetu, ila kwa siku mbili za mwanzo kuchua na maji ya moto kunaongeza damu inayovuja ndani na uvimbe. Pumzisha mguu. Weka baridi dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku: barafu za kuuza zikifungwa kwenye kitambaa zinafaa, na kama hakuna, kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungi. Funga kwa bandeji isiyokaba, inua mguu juu ya kiwango cha moyo ukilala. Kama huwezi kukanyaga hatua nne, au mfupa wenyewe unauma ukiuminya, nenda ukapigwe picha.

Usimeze diklofenaki ili ucheze. Kwanza maumivu ndiyo kengele yako, na wewe unaikata waya. Pili, dawa za aina hiyo zikimezwa na mtu aliyepungukiwa maji huweza kuumiza figo. Vijana wanazinunua dukani kama pipi, jambo linalonikasirisha.

Kuna na lile goti la anayekua. Kama una miaka 11 hadi 15, unarefuka haraka, na unaumwa kwenye kinundu kilicho chini kidogo ya goti kila ukiruka, huenda ni pale kano inapovuta mfupa ambao bado haujakomaa. Hujalogwa. Punguza kuruka na kukimbia kwa wiki kadhaa, paweke baridi, mwonyeshe mhudumu wa afya. Kwa kawaida huisha ukimaliza kurefuka.

Mwenzako akianguka

Turudi kwa mama wa mihogo, maana hakusoma kozi yoyote na alifanya karibu kila kitu sawasawa.

Mtu akianguka, mwite, mtikise bega. Kama haitiki na hapumui kawaida, huo ni moyo. Mlaze chali mahali pagumu, weka viganja viwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kina cha kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana bila kuacha, huku mwingine anatafuta usafiri na msaada.

Kama anapumua lakini amechanganyikiwa, anapepesuka, ana hasira zisizo na sababu au amezimia, na mwili unawaka, hicho ni kiharusi cha joto hata kama bado anatoka jasho. Mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Kivulini, vua jezi na viatu, mwagia maji mwili mzima mfululizo, loweka vitambaa uweke shingoni, kwapani na kwenye mapaja, badilisha kila vinapopata moto, pepea kwa nguvu. Kama kuna pipa au beseni kubwa, mtumbukize mpaka kifuani, mmoja ameshika kichwa kisizame. Usimpe kinywaji mtu asiyejitambua. Kitaingia kwenye mapafu. Usimnusishe kitunguu. Endelea mpaka ajue jina lake na mahali alipo au aanze kutetemeka kwa baridi, halafu ndiyo pikipiki ya kwenda kituo cha afya, akiwa katikati ya watu wawili, nguo zikiwa bado mbichi.

Kwa hiyo Jumamosi hii mkifika uwanjani, kabla hamjagawana jezi, tumeni mtu aulize mambo manne. Ndoo zipo wapi, na zimejaa? Kivuli cha karibu ni kipi? Nani ana simu yenye salio na namba ya mganga wa zahanati? Na pikipiki ya nani inaweza kutoka mara moja? Sisi tulikuwa na ndoo mbili tu, na hazikuwa zetu.